Uliza Ujibiwe: Mtaa wetu umepoa, tuufufue vipi?

Haya wapenzi wasomaji, mara hii barua karibu zote ni za maduka, sijui ni kwaajili mfungo unakaribia na kila mtu keshaanza kupiga hesabu ya sikukuu au ni upepo tu umepita. Nimechagua nne. Mlioniuliza mambo ya mikopo subirini, hayo nayatafutia siku yake. Na niseme mapema, mie si mhandisi wala si afisa wa mipango miji, mie nimezaliwa juu ya duka tu, baba akiuza chini na sie tukilala ghorofani, na tangu niko skuli nimekuwa nikiwafata mafundi nyuma nikiwauliza maswali mpaka wakinichoka. Kwa hio mtakayosoma hapa mengi ni ya macho na mikono.

SWALI: Assalam alaykum dada. Nina duka la vitambaa kwenye uchochoro mmoja ndani ya Mji Mkongwe, si mbali na Darajani, duka la urithi tangu babu. Zamani mtaa huu ukivuma hasa, sasa hivi ikishapiga saa nane mchana unaweza ukalala katikati ya njia na asikukanyage mtu. Tuko maduka 12 yanayofunguliwa na matatu yamefungwa moja kwa moja. Wateja wamehamia kwenye mamall, na waliobaki wananunua kwa simu. Tumekaa wenye maduka tukasema tuufufue mtaa, basi tumepata mtu anatwambia tuzibe mbele kote kwa Alucobond, yale mabamba ya aluminiamu ya kubandika ukutani, rangi ya fedha, tuvunje ukuta tuweke vioo vikubwa, na kila duka lipate bango la flex, lile turubai la plastiki la kuchapishwa, lenye taa ndani. Bei yake imenitoa jasho. Wenzangu wawili washakubali. Wewe unasemaje? Na kama si hivyo tuanzie wapi? *Mwenye duka la vitambaa, Mjini Unguja*

JIBU: Waalaykum salaam kaka yangu. Kwanza usimlipe huyo mtu ata senti, na hao wenzako wawili waambie warudishe mikono mifukoni mpaka wamalize kusoma hapa.

Ntakupa kisa. Marekani miaka ya hamsini na sitini maduka ya katikati ya miji yao yalianza kukimbiwa, mana watu walikuwa wanapanda magari yao wanakwenda kwenye mamall mapya nje ya mji, ushaona kinavyofanana na chako. Wenye maduka wakaona tatizo letu ni uzee, na sisi tuonekane wa kisasa basi, wakachukua mabati ya aluminiamu wakayapigilia juu ya kuta zao za matofali, madirisha ya juu, nakshi, kila kitu kikazibwa, na wateja wasirudi. Mwaka 1977 shirika lao la kuhifadhi majengo ya kale likachukua miji midogo mitatu kufanyia majaribio, Galesburg, Hot Springs na Madison, ukatoka mpango mzima wa kufufua mitaa ya maduka ambao upo mpaka leo, na katika kazi zilizozoeleka kwenye mpango huo ni kuyabandua yale mabati. Kubandua! Baba kalipa kubandika, mtoto kaja kulipa kubandua. Sasa wewe unataka kuanzia pale pale walipoanza kukosea wao, tena kwa fedha yako mwenyewe.

Mall hulishindi kwa kung'ara kaka. Lina kiyoyozi, lina pakuwekea gari, lina ngazi ya umeme watoto wanapanda bure. Wewe una kitu ambacho wao hawana, na babu yako alikijua bila ya kusomea. Tizama ule mlango wa duka lako, kama bado upo wa asili, ule wa mbao wa Kigujerati unaokunjika vipande vipande. Ukifunguliwa wote duka zima liko njiani. Baraza iko chini, majora yako juu yake, na mteja anapita kwenye njia ya upana wa mita mbili tatu, mkono ushagusa kitambaa kabla ya akili kusema "mie sinunui leo". Keshaingia kabla hajaamua kuingia! Ukimuwekea kioo na mlango wa kusukuma umempa nafasi ya kufikiri, na mteja wa Unguja akifikiri sana anakwenda zake.

Na kuvunja ukuta ndo kabisa usithubutu. Kuta hizo ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene nusu mita na zaidi, ndo zinazobeba boriti na dari na ghorofa na bibi aliyelala juu. Unajua kwanini duka lako jembamba? Boriti za mikoko hazitoki ndefu za kutosha, zinakatwa kwenye mita tatu hivi, ndo vyumba vya mji mzima vikawa vyembamba. Nyumba za namna hii kuta zinashikiliana, ukifungua tundu kubwa chini hujui juu kunasemaje. Sote tuliona Beit al Ajaib, jengo la 1883, upande wake mmoja ulivyoshuka ile tarehe 25 Desemba 2020, na watu wakafariki. Sisemi lile lilikuwa jambo la duka, hapana, nasema jengo la kale halichezewi kwa nyundo na mtu mwenye katalogi. Halafu mko ndani ya Mji Mkongwe, urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000, na Mamlaka ya Mji Mkongwe ipo tangu 1985 kwa kazi hiyo hiyo, uso wa nyumba haubadilishwi bila kibali chao. Ukibandika kwanza ukaambiwa ubandue utakuwa umelipa mara mbili kama wale Wamarekani, ila wao angalau walisubiri miaka.

Haya sasa la kufanya. Siku moja nendeni wote 12 mkasimame mwanzoni mwa mtaa, saa kumi na nusu za jioni, kila mmoja na simu yake, pigeni picha ya mtaa kama anavyouona mgeni. Msitizame duka lako, tizama mtaa. Nna hakika mtakachokiona ni hichi: nyaya zinaning'inia kama nguo za kuanikwa, bango la kampuni ya simu la miaka hiyo limekatika upande mmoja, bati limepigiliwa juu ya bati, maboksi matupu, mashine ya kiyoyozi inamwagia watu maji kichwani, na mabaibui yametundikwa mpaka mlango hauonekani. Yote yale hakuna aliyeyapanga, yamejikusanya tu, kila mtu kaongeza lake. Basi kazi ya mwanzo ni kuondoa. Haitaki fedha, inataka ngazi, nyundo, watoto watatu wenye nguvu na gari ya kutolea taka. Isipokuwa nyaya za umeme, hizo asiguse mtu, andikeni barua waje wenyewe wanaohusika. Mtashangaa nyuma ya mabango kuna nini, mie dukani kwetu tulipobandua bango la kinywaji tulikuta jina la duka la mwanzo limeandikwa kwenye plasta kwa herufi za Kiarabu na Kigujerati, baba alikaa chini akalitizama hakusema kitu mpaka magharibi.

La pili maji. Kabla hujanunua ata kopo moja la rangi, subiri mvua inyeshe na utoke nje utizame maji yanashukia wapi. Bomba la maji ya mvua likivuja kwenye ukuta, utapaka leo na masika ijayo rangi yote iko chini imekunjana kama mkate wa kumimina uliokosewa. Tengeneza bomba, halafu ndo ufikirie rangi. Ya rangi nimeyajibu kwenye barua ya mwisho.

La tatu kibao. Watu wanadhani kibao kikubwa ndo kinaonekana, wallahi si kweli, kwenye uchochoro ni kinyume. Mtu anatembea sambamba na ukuta, bango lililolala ukutani juu ya mlango wako yeye analiona ubavu tu, ukubwa wake wote unamuona jirani wa mbele ambaye anakujua jina tangu mtoto. Kinachoonekana ni kibao kidogo kilichotoka nje ya ukuta, cha kuning'inia, kinachomkabili mtu anayekuja. Upana kama wa sinia la biriani unatosha. Chini yake pabaki mita mbili na nusu, mana kuna wapagazi wenye mizigo vichwani na vijana wa vespa hawana breki wala adabu. Waandishi wa vibao wana kanuni yao, kila mita 3 za umbali herufi iongezeke urefu wa sentimita 2 na nusu, kwa hio ukitaka kusomwa kutoka mita 15 herufi ziwe za sentimita 12 na nusu hivi, na maneno machache. "VITAMBAA" inatosha. Nambari tano za simu na picha ya mwanamitindo na "tunauza jumla na rejareja tunapokea oda za harusi karibuni sana" hayo yaweke ndani. Na tafuteni mtu wa kuandika kwa mkono juu ya mbao, bado wapo, flex kwa jua letu na hewa ya chumvi haichukui muda inapauka.

La nne taa, na hapa ndo penye wateja kuliko pote, mana sie watu wa usiku, mwezi wa Ramadhani nusu ya biashara inafanyika baada ya tarawehe. Tizama boksi la taa limeandikwa nambari na herufi K. Ile 6500 ni nyeupe ya hospitali, kanga nyekundu inaonekana kama imefuliwa mara hamsini na bi harusi anaonekana mgonjwa. Nunua 2700 mpaka 3000, nuru ya njano njano, vitambaa na dhahabu vinapenda. Wauza simu wao wabaki na nyeupe yao. Na kama duka lina mlango wa bati wa kuvingirisha, ukishushwa saa mbili usiku mtaa umekufa, anayepita anaona kuta za bati huku na huku anakaza mwendo. Wakati wa kubadilisha ukifika weka wa matundu au wa nondo unaoruhusu macho, na taa moja ndani ibaki inawaka. LED ndogo haili umeme wa kuogopesha.

Sasa lile jambo la maduka matatu yaliyofungwa, hilo nimeliacha nyuma kusudi mana ndo zito. Kuna bwana mmoja wa Denmark, Jan Gehl, kafanya kazi miaka mingi ya kuwatizama watu wanavyotembea mjini, yeye anasema uso wa mtaa ulio hai ni ule wenye milango 15 mpaka 20 kwa kila mita 100, maduka madogo madogo, kila hatua chache kuna kitu kipya cha kutizama, na watu wanapunguza mwendo wenyewe. Mitaa yetu ilikuwa hivyo kabla yeye hajazaliwa. Lakini milango mitatu iliyofungwa ikifuatana mteja anahisi mtaa umekwisha, anageuka kabla hajafika kwako. Watafuteni wenye nyumba. Msiwaombe wafungue duka, ombeni uso tu: mlango ufunguliwe, kina cha nusu mita, apewe mama wa sharubati au kijana wa kushona au nyinyi wenyewe mtundike vitambaa vyenu, bila kodi miezi mitatu mkiahidi kupasafisha na kupaka chokaa. Mwenye nyumba anapata mtu wa kuilinda, na mpangaji akija anaona mahali pana uhai. Baadhi ya nyumba za mjini ni za wakfu au za serikali, hapo andikeni barua rasmi mpitie kwa sheha, mjue itachukua muda, kwa hio anzeni nayo mapema wakati mnabandua.

Fedha. Kule Marekani miji mingi inatoa ruzuku ya nusu kwa nusu, mwenye duka anatengeneza kwanza, akimaliza anapeleka risiti anarudishiwa nusu. Wazo zuri na mkiwa na mtu baraza la manispaa mlipeleke, lakini msikae kulisubiri. Sie tuna upatu! Maduka 12, kila moja elfu 20 kwa wiki, hio ni laki 2 na elfu 40 kila wiki, wiki hii inakwenda duka la kwanza wiki ijayo la pili, miezi mitatu si mingi mtaa wote umepita. Haijengi nyumba hio, lakini chokaa, kibao na taa mbili inafika, hasa mkinunua chokaa pamoja na fundi mkimuweka mmoja wa kudumu. Ila msipige kura ya nani aanze! Nawaomba sana. Aanze wa mwanzo wa mtaa na anayefatia awe jirani yake, tena na jirani yake. Duka moja zuri hapa na jingine kule mwisho ni kama jino la dhahabu kwenye kinywa kibovu. Manne yakishikana mtu anasema "mtaa ule umetengenezwa".

Anayeuza Alucobond akirudi mpe kahawa, mwambie tunashukuru.

SWALI: Dada mie nnauza madira, mitandio na udi kwenye mtaa mmoja wa Ng'ambo. Duka nimelitengeneza vizuri, taa, kioo, kila kitu. Tatizo langu ni baraza ya mbele, kuanzia saa kumi imejaa wanaume, wazee na vijana, kahawa, bao, siasa, mpira. Hawana ubaya na wengine ni wajomba zangu lakini wateja wangu wa kike wanaona haya kupita katikati ya macho yote yale, wengine wamenambia wazi. Nimefikiria kuivunja ile baraza niweke maua. *Muuza madira*

JIBU: Usivunje shoga yangu, tafadhali. Unavunja baraza leo, kesho wanakuja na viti vya plastiki, kiti kina miguu kinasogea mpaka mlangoni kwako, bora baraza haitembei.

Lakini malalamiko yako ni ya kweli na mie nayajua, nshawahi kupita njia ya mbali nikiogopa baraza moja na mie mtu mzima na watoto. Hapa si suala la ujenzi, ni mpangilio wa macho. Mlango wako na baraza vimekaa upande mmoja au? Kama duka lina milango miwili, fungua ule wa mbali na baraza uwe ndo wa kuingilia, na huu wa karibu ugeuze uwe wa kuonyeshea bidhaa tu, tundika madira kutoka juu mpaka chini yawe pazia baina ya macho ya nje na mteja wa ndani. Kama ni mmoja, weka ubao wa kuchongwa au wa matundu kidogo ndani ya mlango, wa urefu wa mtu, yaani kile wanachofanya majumbani mlango wa mbele usionyeshe uwani. Upepo unapita, taa inaonekana, mteja haonekani. Ndo maana ya kioo chako kitupu kukuponza, kimeonyesha duka lote na wateja nao wakaonekana.

Halafu zungumza nao. Usiende wewe kupiga kelele, mtume mjomba mkubwa kuliko wote, na uende na ombi dogo lenye saa: kuanzia alasiri mpaka magharibi, wakati wanawake wananunua, wakae upande wa pili wa njia kwenye baraza ya nyumba ile yenye kivuli cha jioni, baada ya isha wakitaka warudi kwako wakae mpaka wachoke. Watakubali, mana baraza inayopigwa na jua la jioni usoni hakuna anayeipenda, wewe umewaletea kivuli. Na birika la kahawa la siku ya mwanzo litoke kwako. Wazee wale saa nne usiku ndo walinzi wako wa bure, mwizi hasogei penye watu wanaobishana mpira.

Maua weka juu, kwenye dirisha.

SWALI: Mimi niko Wete, Pemba. Nimekodi fremu barabarani, nimeipaka, nimeweka sakafu ya vigae, nimetia upenu wa bati mbele watu wasirowe. Biashara ikachangamka hasa msimu wa karafuu watu wakiwa na fedha. Mwenye fremu kuona hivyo kapandisha kodi karibu mara mbili, na anasema kama sitaki nitoke. Mkataba ulikuwa wa mdomo. Nina haki gani? *Mpangaji, Wete*

JIBU: Pole sana kaka. Duka ulilolipamba wewe limekuwa sababu ya kukutoa wewe, hili linatokea sana na ndo linalowafanya wapangaji wengi wakatae kutia mkono kwenye fremu, zikabaki chafu mtaa mzima.

Mie si wakili, ukitaka kulifikisha mbali anza kwa sheha, halafu tafuta msaada wa kisheria kabla hujahamisha ata kiti. Lakini ntakwambia la kufanya wiki hii. Kusanya risiti za vigae, bati, rangi na fundi, kama hakuna risiti mwite fundi akuandikie karatasi mbele ya mashahidi wawili. Nenda kwa mwenye fremu na hesabu, usende na hasira, mwambie nimetia kiasi hiki kwenye mali yako, basi ama kodi ibaki kama ilivyo mpaka fedha yangu imalizike ama ikatwe kidogo kidogo kila mwezi, na mara hii tuandike. Mwenye nyumba wengi wakiona tarakimu wanapoa, mana anajua mpangaji mpya atakayekubali kodi mara mbili msimu ukisha atakimbia, Pemba fedha ya barabarani inakuja na karafuu na inaondoka na karafuu.

Kwa wengine mnaokodi: kabla ya kutengeneza andikeni karatasi moja tu, nani analipa nini, kodi haipandi mpaka lini, na mtu akitoka anachukua nini. Na fedha yako itie zaidi kwenye vinavyong'oka. Kibao, taa, rafu, turubai la kivuli la kukunja, meza ya mbele, vyote hivyo unahama navyo. Kigae hakihami. Ule upenu wa bati kama umefungwa kwa bolti ni wako, kama umejengewa kwenye ukuta hapo pana maneno. Na ukiweka turubai hakikisha linamwaga maji pembeni, si kwenye kichwa cha mpita njia, nimeona mengi sana yanayomlinda mwenye duka na kumuogesha mteja.

SWALI: Ukuta wa duka letu la zamani hapa Mjini kila tukipaka rangi ya plastiki inatoka, fundi anasema tupige plasta ya saruji kwanza ndo itashika. Ni kweli? Na mlango wa mbao tuupake rangi gani uvutie? *Ndugu wawili, Malindi*

JIBU: Si kweli, na huyo fundi mpeni kazi nyengine. Ukuta wa mawe na chokaa unavuta unyevu na kuutoa, unapumua, ndo ulivyoumbwa. Saruji na rangi ya plastiki zinaziba, unyevu unabaki ndani na chumvi yake, unatafuta pakutokea, ndo mana rangi inatoka kama ngozi ya nyoka, na ukipiga saruji itakaa mwaka au miwili halafu itadondoka na kipande cha ukuta, na ncha za boriti huko ndani zinaoza hamuoni. Banduweni iliyopo taratibu, si kwa patasi ya umeme. Wekeni plasta ya chokaa na mchanga, iache ikauke pole pole huku mkiirushia maji, jua kali likiipiga itapasuka kwa hio tundikeni magunia. Halafu chokaa ya kupaka, nyepesi kama maziwa, koti tatu nne au tano, ukuta uwe umeroweshwa kabla ya kila koti. Koti la kwanza mtaona kama hamkupaka kitu, msitie wasiwasi, inakuja nyeupe ikikauka. Mkitaka rangi kidogo tieni ya udongo ndani ya chokaa, njano ya mchanga au waridi ya kufifia, na mjaribu kwanza pembeni mana ikiwa mbichi inaonekana nzito kuliko itakavyokuwa. Itabidi mrudie kila baada ya misimu michache, chokaa haijidai kuwa ya milele, lakini ni rahisi na ata mtoto wa nyumba anaweza kuipaka kabla ya sikukuu.

Mlango msiupake rangi yoyote. Kama ni msaji au mfenesi, na nyumba za umri huo mara nyingi ndo hio, toeni rangi za zamani kwa kisu butu na subira, halafu mafuta ya linsidi, yale ya mbegu za kitani, kwa kitambaa, mara mbili, mpaka mbao ishibe. Vitasa vya shaba sugueni kwa ndimu na majivu.